Ardhi ya Bure au Ardhi ya Reli? Ulinganisho wa Njia Mbili za Mlowezi wa Nebraska na Kansas, 1870–1890

Anayesoma habari za wakulima waliohamia nyanda za nyasi za Marekani katika karne ya 19 hukutana mapema na kauli kwamba serikali iligawa ardhi bure kwa kila aliyeitaka. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inaficha swali ambalo mkulima mwenyewe alilazimika kulijibu siku aliyoshuka kwenye gari moshi. Tuseme ni mwaka 1873, na baba mmoja amefika Lincoln, Nebraska, akiwa na mke, watoto watatu na dola 500 alizopata kwa kuuza kila alichokuwa nacho. Je, aende kwenye ofisi ya serikali ya ardhi kuandikisha ekari 160 ambazo hazilipiwi bei, au aende kwenye ofisi ya kampuni ya reli kununua ekari 80 kwa mkopo? Ulinganisho huu unaziweka njia hizo mbili sambamba. Msimamo wangu nausema mapema: bei ya ekari ndicho kipimo dhaifu kuliko vyote. Familia nyingi ziliponzwa na neno «bure» kwa sababu hazikuuliza kwanza stesheni iko umbali gani na mvua inafika mpaka wapi.

Kabla ya kuendelea, neno «wazi» linalotumika sana kuhusu nyanda hizo lahitaji kusahihishwa. Kando ya mito ya Platte na Loup waliishi Wapawnee, ambao walilima mahindi, maharage na maboga na kuondoka kwa misimu kwenda kuwinda nyati wa Amerika. Kwa mkataba wa mwaka 1857 waliachia sehemu kubwa ya nchi yao, na katika miaka ya 1870 waliobaki walihamishiwa kusini, katika eneo ambalo leo ni Oklahoma. Nyati nao walichinjwa kwa mamilioni kwa ajili ya ngozi zao. Ardhi ambayo mlowezi aliikuta haina mtu ilikuwa imeondolewa watu wake, baadhi yao miaka michache tu kabla yake, na anayelinganisha gharama za ardhi hiyo hana haki ya kuiruka gharama hii ya kwanza.

Njia ya serikali

Sheria ya Homestead, yaani sheria ya kuwapa walowezi mashamba ya makazi kutoka ardhi ya serikali, ilitiwa sahihi na Rais Abraham Lincoln tarehe 20 Mei 1862, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1863. Siku hiyohiyo ya kwanza, Daniel Freeman aliandikisha dai lake la shamba karibu na Beatrice, Nebraska, na shamba hilo sasa ni hifadhi ya kihistoria ya taifa. Masharti yalikuwa mepesi kuyasoma. Mwombaji awe mkuu wa kaya au awe ametimiza miaka 21. Awe raia au awe ametangaza nia ya kuwa raia. Awe hajawahi kushika silaha dhidi ya Marekani. Ada zote, tangu kuandikisha hadi kupata hati, zilikuwa kama dola 18. Baada ya hapo alitakiwa kuishi juu ya ardhi hiyo na kuilima kwa miaka 5, kisha alete majirani wawili washuhudie kwamba kweli aliishi na kweli alilima. Aliyekuwa na fedha na haraka aliweza kufupisha njia kwa kukaa miezi 6 na kulipa dola 1.25 kwa ekari, yaani dola 200 kwa ekari 160.

Sheria hii ilifungua milango ambayo soko la ardhi liliifunga. Mwanamke asiyeolewa, mjane, au aliyeachika na kuongoza kaya yake aliweza kuandikisha ardhi kwa jina lake mwenyewe. Aliyeolewa kwa kawaida hakuweza, kwa kuwa mumewe ndiye aliyehesabiwa kuwa mkuu wa kaya. Askari waliopigana upande wa serikali katika vita vya wenyewe kwa wenyewe waliruhusiwa kuanzia mwaka 1872 kupunguza muda wao wa jeshi kutoka katika ile miaka 5. Watu weusi waliotoka utumwani nao waliingia kwa mlango huo, na nitawarudia baadaye.

Kuna kifungu kimoja cha sheria ambacho wengi hawakitilii maanani, nami nakiona kuwa na uzito kuliko zile dola 18. Ardhi ya Homestead haikuweza kukamatwa kwa deni lolote alilokopa mlowezi kabla ya kupata hati. Kwa mtu aliyekuja akikimbia wadai, hiyo ilikuwa ngome. Lakini kifungu hichohicho kilimnyima uwezo wa kuiweka ardhi rehani wakati alipohitaji fedha zaidi, yaani katika miaka mitatu ya mwanzo, ambayo alikuwa hana maksai wa kutosha, hana kisima na hana mavuno ya kuuza. Ndiyo maana wengine walilipa zile dola 200 mapema: walitaka hati ili waweze kukopa juu yake, na baadhi yao walipoteza shamba kwa mkopo huohuo.

Njia ya reli

Serikali ilizisaidia kampuni za reli kwa kuzipa ardhi badala ya fedha. Kwa sheria ya mwaka 1862, iliyoongezwa nguvu mwaka 1864, kampuni iliyojenga njia kuu ya kwenda bahari ya Pasifiki ilipata vitalu kwa kila maili ya reli, pande zote mbili. Kila kitalu kilikuwa maili moja mraba, yaani ekari 640, na vitalu vilipewa namba: vyenye namba witiri vilikwenda kwa reli, vyenye namba shufwa vilibaki kwa serikali. Ukiitazama ramani ya wakati huo, utaona ubao wa drafti uliotandazwa maili nyingi kila upande wa njia, weusi wa kampuni na weupe wa umma.

Kampuni ya Burlington & Missouri River, iliyokuwa na zaidi ya ekari milioni 2 huko Nebraska, ilitangaza mwaka 1872 masharti yafuatayo: mkopo wa miaka 10, riba ya asilimia 6, na deni lenyewe kulipwa kwa mafungu saba kuanzia mwaka wa nne baada ya kununua. Aliyenunua ndani ya siku 30 tangu akate tiketi ya kwenda kukagua ardhi alirudishiwa nauli hiyo kwa kuikata katika riba yake ya kwanza, na familia yake ikapewa nafuu ya nauli na ya kusafirisha mizigo. Tangazo hilo lilithubutu kusema kwamba ekari ya reli kwa dola 5 ni bora kuliko ekari ya serikali kwa dola 2.50, ambayo ndiyo bei iliyotozwa na serikali ndani ya ukanda wa reli, yaani eneo la vitalu hivyo kando ya njia.

Hayo ni maneno ya muuzaji, na maneno ya muuzaji yapimwe kwa kalamu na karatasi. Ekari 80 kwa dola 5 ni dola 400. Kwa miaka minne ya kwanza mkulima analipa riba tupu, dola 24 kwa mwaka. Kuanzia hapo analipa kila mwaka fungu la dola 57 na senti kadhaa, pamoja na riba inayopungua. Kwa hesabu yangu, mpaka anamaliza atakuwa ametoa karibu dola 568. Upande wa pili kuna dola 18 kwa ardhi maradufu. Ukiishia hapo, hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angechagua reli.

Gharama ya maili

Tusiishie hapo. Ardhi nzuri ya serikali iliyokuwa karibu na njia ya reli ilichukuliwa upesi, na hadi mwaka 1879 sheria iliwaruhusu waombaji wengi ekari 80 tu ndani ya ukanda wa reli, si 160. Aliyetaka ekari 160 kamili alikwenda mbali, pengine maili 30 au zaidi kutoka stesheni.

Chukua shamba lenye ekari 30 za ngano, na mavuno ya wastani ya karibu kilo 360 kwa ekari. Hizo ni kama gunia 120 za kilo 90. Mkokoteni wa kukokotwa na maksai katika njia ya nyasi na matope ulibeba kama gunia 12. Maili 30 ni siku mbili kwenda na siku mbili kurudi. Kwa hiyo mavuno hayo yanadai safari 10 na siku 40, katika majira ambayo baridi inabisha hodi, na kila safari ya kurudi inabeba mbao, chumvi, misumari na makaa ya mawe kwa bei ya stesheni. Mkulima aliye maili 3 kutoka kwenye reli anafanya kazi hiyohiyo kwa safari za siku moja, na akisikia bei ya ngano imepanda Jumatatu, Jumanne yuko sokoni. Yule wa mbali anauza kwa bei anayoikuta, kwa sababu hawezi kurudi na gunia 12 nyumbani.

Zidisha siku hizo 40 kwa miaka 5, kisha uulize zingefanya nini shambani. Kuvunja nyasi za mbuga hizo hakukuwa kulima tunakokujua. Mizizi ilikuwa imefungamana kama mkeka mzito, na ilihitaji plau ya chuma kinachong'aa kisichogandiwa na udongo, kama ile ambayo John Deere alianza kuitengeneza Illinois mwaka 1837. Mlowezi mwenye maksai wawili alivunja ekari chache tu katika mwaka wa kwanza. Mahindi ya mwaka huo yalipandwa kwa shoka: baba anakata mfereji mfupi katika nyasi iliyopinduliwa, mtoto anadondosha punje, mama anakanyaga kufunika.

Nyumba ilijengwa kwa nyasi hiyohiyo. Mabamba ya udongo wenye mizizi yalikatwa upana wa futi moja hivi na unene wa inchi 4, yakapangwa kama matofali huku upande wa majani ukitazama chini, mpaka ukuta ukafikia unene wa futi 2 au zaidi. Aliyewahi kulala ndani ya tembe la Kigogo anaijua faida ya ukuta na paa la udongo: baridi ndani wakati wa jua, joto wakati wa kipupwe. Anaijua hasara pia. Mvua ya siku mbili ilivuja siku nne, na akina mama walitundika kitambaa cha pamba chini ya paa ili udongo, panya na wakati mwingine nyoka visidondoke juu ya meza. Imebaki hesabu ya nyumba moja iliyochimbwa kilimani huko bonde la North Loup mwaka 1872: dirisha dola 1.25, mbao za mlango senti 54, komeo na bawaba senti 50, bomba la moshi senti 30, misumari senti 19 na nusu. Jumla ni dola 2 na senti 78 na nusu. Hapo njia zote mbili zililingana, kwani nyasi haikumbagua mwenye hati ya serikali na mwenye mkataba wa reli.

Kuni hazikuwapo. Watu walichoma samadi kavu ya nyati na ya ng'ombe, na ilipokwisha walisokota majani makavu mafundo kwa mafundo, kazi iliyomshughulisha mtu mmoja wa nyumba karibu siku nzima wakati wa theluji. Makaa ya mawe yalipatikana stesheni, na hapo tena ni suala la maili.

Mifano miwili kutoka Kansas

Mwaka 1874 Wamenoni, Wakristo wenye asili ya Kijerumani wasioshika silaha, waliondoka kusini mwa Urusi baada ya serikali ya huko kufuta msamaha wao wa kutoingia jeshini. Wangeweza kutafuta ardhi ya Homestead. Badala yake walinunua makumi ya maelfu ya ekari kutoka kwa reli ya Santa Fe katikati ya Kansas. Sababu yao ilikuwa wazi: walitaka kukaa pamoja kijiji kwa kijiji, na mfumo wa serikali wa ekari 160 kwa kila kaya, na kila kaya ilale juu ya ardhi yake, ulizitawanya familia. Walileta pia mbegu ya ngano nyekundu ya Uturuki, inayopandwa majira ya vuli na kuvunwa mapema kiangazi, kabla ya joto kali na ukame wa Agosti.

Faida ya hilo inaeleweka ukikumbuka kilichotokea muda mfupi kabla hawajafika. Mwishoni mwa Julai 1874 nzige wa Milima ya Rocky waliteremka kuanzia Dakota hadi Texas. Walikula mahindi yaliyokuwa bado mabichi, wakafuata vitunguu ndani ya ardhi, wakaguguna mipini ya majembe iliyokolea jasho la mikono, na magurudumu ya magari moshi yakateleza juu ya reli zilizojaa nzige waliosagwa. Mahindi yaliyopandwa masika yaliangamia. Ngano iliyokwisha kuvunwa ilinusurika. Mwenye Homestead alibanwa zaidi, kwa sababu kanuni ya kutokuwa nje ya shamba zaidi ya miezi 6 ilimzuia kwenda kutafuta kibarua, mpaka Bunge lilipotoa ruhusa maalumu kwa waliopigwa na nzige. Mnunuzi wa reli hakufungwa na kanuni hiyo ya serikali, ingawa riba yake ilimngoja palepale.

Mfano wa pili ni Nicodemus, katika wilaya ya Graham. Mwaka 1877 familia za watu weusi kutoka Kentucky, wengi wao wakiwa wameonja utumwa, walifika mahali ambapo waliahidiwa mji. Walikuta wenzao waliotangulia wakiishi ndani ya mashimo kando ya kilima, moshi ukitoka ardhini. Baadhi waligeuka kurudi. Waliobaki hawakuwa na fedha ya mkopo wa reli, na hakuna muuzaji ambaye angewakopesha kwa moyo mweupe. Kwao ardhi ya serikali ndiyo ilikuwa mlango pekee, na waliushika. Katika kipupwe cha kwanza walisaidiwa kwa nyama na wawindaji wa Kiosage, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili, jambo ambalo nalitaja kwa heshima, kwa kuwa Waosage wenyewe walikuwa wametoka kunyang'anywa Kansas. Mji ulikua, ukapata shule, makanisa, hoteli na magazeti. Kisha mwaka 1888 reli waliyoitarajia ikapita upande wa pili wa mto, maili chache tu kusini, na wafanyabiashara wakahamisha maduka yao kuifuata. Ardhi haikubadilika, bidii ya watu haikubadilika. Kilichobadilika ni umbali.

Mstari wa mvua

Kipimo cha pili nitakieleza kwa ufupi, kwa kuwa hakina ubishi mkubwa. Karibu na longitudo ya 100 magharibi, inayokata katikati ya Nebraska na magharibi mwa Kansas, mvua hushuka chini ya inchi 20 kwa mwaka. John Wesley Powell, mwanajiolojia aliyeipeleleza nchi ya magharibi, alionya katika ripoti yake ya mwaka 1878 kwamba magharibi ya hapo ekari 160 haziwezi kulisha familia bila umwagiliaji, na akapendekeza mashamba ya malisho ya ekari 2,560. Wauzaji wa ardhi walipendelea nadharia nyingine, iliyodai kwamba mvua huifuata plau. Miaka michache ya mvua nzuri ikaonekana kuwapa haki, watu wakasonga magharibi, na ukame wa kati ya 1887 na 1894 ukawarudisha kwa maelfu. Mwenye kuchagua upande huo wa mstari alipotea, iwe ardhi yake ni ya bure au ya mkopo.

Nani achague nini

Asiye na fedha kabisa, mjane mwenye wana wanaoweza kushika plau, askari mstaafu mwenye miaka mitatu ya jeshi ya kukata: hao waende kwenye ofisi ya serikali, lakini wakubali ekari 80 karibu na njia ya reli kuliko 160 kwenye upeo wa macho. Kundi la familia zinazotaka kuishi pamoja, zenye akiba na mbegu, linunue vitalu vya reli kama walivyofanya Wamenoni. Aliyefikiria kununua dai la mtu anayekata tamaa na kuondoka, biashara iliyokuwa ya kawaida, apime kwanza kina cha kisima, kwa kuwa mara nyingi maji ndiyo yaliyomfukuza muuzaji. Katika sehemu za katikati ya Nebraska visima vilichimbwa kwa mkono zaidi ya futi 100.

Kwa yule baba mwenye watoto watatu na dola 500, jibu langu si mojawapo ya njia hizo mbili, ni zote mbili pamoja. Ubao wa drafti uliwawezesha walioutazama vizuri kuandikisha ekari 80 za Homestead katika pembe ya kitalu cha namba shufwa, kisha kununua kwa mkopo ekari 80 za reli zinazopakana nazo ng'ambo ya mpaka. Nyumba aijenge upande wa serikali, ambao hakuna mdai anayeweza kuugusa. Plau aitie kwanza upande wa reli, ili ngano yake ilipe ule mkopo, na zile dola 500 azitumie kununua maksai, plau, ng'ombe mmoja wa maziwa na chakula cha mwaka mzima, kwa sababu mwaka wa kwanza shamba halitamlisha.